Kobalti ya Katanga Katika Magazeti ya Dunia

Mtu akaaye Likasi huyaona kila siku malori marefu yatokayo Kolwezi yakielekea Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Mengine yamebeba shaba, na mengine yamebeba magunia makubwa ya unga wa kobalti. Kutoka mpakani mzigo huo husafiri siku nyingi mpaka bandari ya Durban au Dar es Salaam, ukapakiwa melini, na sehemu yake kubwa ikafikia China. Huko husafishwa, hutiwa katika betri, na betri zikafungwa katika magari yaendayo kwa umeme, ambayo huuzwa Oslo, London, California na kwingineko.

Safari hiyo ya jiwe twaijua. Lakini iko safari ya pili, nayo ni ya habari za jiwe lilelile. Habari hizo nazo huvuka bahari, hubadilishwa katika kila bandari, na zikifika mwisho wa safari mara nyingi hazifanani tena na zilivyoondoka. Yafaa sisi wa Kikula, wa Panda, wa Shituru na wa Katanga nzima tujue tunavyosimuliwa mbele ya watu wengine, kwa kuwa masimulizi hayo, kama tutakavyoona, yaweza kupandisha bei ya kobalti na yaweza kuishusha.

Kwanza tueleze jambo lenyewe kwa ajili ya wanafunzi. Petroli na makaa ya mawe yakichomwa hutoa hewa inayozidisha joto la dunia. Kwa hiyo mataifa mengi yanatafuta nguvu isiyotoa moshi: ya jua, ya upepo, ya maji. Lakini jua huchwa na upepo hutulia, tena gari haliwezi kuvuta waya nyuma yake njia nzima. Basi yahitajika ghala la kuwekea umeme, nalo ndilo betri. Mwaka 1980, katika chuo kikuu cha Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba kobalti iliyochanganywa na lithi yaweza kuwa upande mmoja wa betri nyepesi yenye nguvu nyingi. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ikaanza kuuza betri za namna hiyo. Mwaka 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, na tangazo la tuzo lilisifu kazi yao kuwa msingi wa dunia isiyotegemea mafuta ya petroli. Katanga haikutajwa. Hilo si kosa, maana tuzo hutolewa kwa wataalamu, wala haitolewi kwa mashimo. Walakini zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka Kongo, na karibu yote yatoka katika mikoa miwili tu, Haut-Katanga na Lualaba.

Wazee wa Likasi hawatashangaa kusikia kwamba nchi yao imo katikati ya nguvu mpya, na huku jina lake halisikiki. Waliyaona hayo zamani. Si mbali na mji, upande wa magharibi, uko mgodi wa Shinkolobwe, ambao madini yake yaligunduliwa mwaka 1915. Hapo kwanza dunia ilitaka radi, ambayo miaka ile ilisifiwa kama dawa ya kila ugonjwa; urani iliyobaki ilionekana haina thamani kubwa. Tarehe 2 Agosti 1939 mtaalamu Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, akamwambia kwamba urani yaweza kutengeneza bomu la ajabu, na kwamba chemchemi kuu ya urani ni Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alikwisha peleka zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe New York. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu likaanguka Hiroshima.

Wakati wa vita habari za mgodi ule zilifichwa kwa makusudi. Baada ya vita ukimya uligeuka kuwa tarumbeta. Mwezi wa Desemba 1953 Rais Eisenhower alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akahubiri atomiki ya amani, na magazeti ya Marekani na Ulaya yakajaa ahadi za meli, taa na viwanda vitakavyoendeshwa kwa atomiki kwa gharama ndogo mno. Mwaka 1958 Ubelgiji ulijenga Atomium mjini Brussels, mnara wa mipira ya chuma inayong'aa, wenye urefu wa mita 102, na watu wengi sana walikwenda kuutazama. Mwaka uliofuata chuo kikuu cha Lovanium, kilichoongozwa na Monsinyori Luc Gillon, kilipata mtambo wa atomiki, wa kwanza katika Afrika, mjini Kinshasa iliyokuwa ikiitwa Léopoldville. Katika picha hizo zote za fahari ni vigumu kumwona mtu aliyelichimba jiwe. Mgodi ulifungwa uhuru ulipokaribia. Baadaye wachimbaji wa mikono waliingia, safari hii wakitafuta kobalti. Mwezi wa Januari 2004 amri ya Rais iliupiga marufuku, na mwezi wa Julai mwaka uleule ardhi ikaporomoka, wakafa watu wanane.

Tumeyakumbusha hayo kwa sababu namna ya kusimulia ni moja. Nguvu mpya ikizaliwa, magazeti ya wanunuzi huisifu kama muujiza. Mwujiza ukizoeleka, hutafuta aibu iliyo nyuma yake. Na katika sifa na katika aibu, mwenye kusema ni mgeni.

Tazama Norwe. Katika mwaka 1 wa 2024, karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa katika nchi ile yalikuwa ya umeme. Huko gari la umeme si ajabu tena, ni kitu cha nyumbani kama baiskeli, na habari zake ni za nyumbani vilevile. Chama cha wenye magari hufanya majaribio kila majira ya baridi, kuona ni gari gani litakwenda mbali zaidi katika theluji kabla betri haijaisha, na gazeti lake hutangaza mshindi. Watu hubishana juu ya kodi na foleni za kuchajia. Hayo ni mambo ya haki kwa mtu wa Oslo, nasi hatumlaumu. Mnunuzi wa unga huuliza habari za unga, ni wachache waulizao habari za mkulima.

Marekani ilikuwa tofauti. Mwezi wa Januari 2016 shirika la Amnesty International, pamoja na Afrewatch, shirika la Wakongo lenye makao Lubumbashi, lilitoa taarifa juu ya wachimbaji wa mikono na watoto waliookota na kuosha mawe ya kobalti. Mwezi wa Septemba mwaka uleule gazeti la Washington Post likachapa habari ndefu ya Todd Frankel, aliyeifuata kobalti kutoka mashimoni mpaka katika simu na magari ya Wamarekani. Hiyo ilikuwa kazi njema. Watoto wale walikuwapo kweli, na mwenye kusema kwamba ni uzushi wa wageni hajakaa Katanga. Lakini tangu siku ile picha ya mtoto mwenye matope ikawa ndiyo picha ya pekee. Msomaji wa mbali angedhani kwamba kobalti yote ya Kongo huchimbwa kwa vidole, na kumbe sehemu iliyo kubwa zaidi huchimbwa na makampuni kwa mashine kubwa, katika mashimo ambayo mtoto hawezi kuyakaribia.

Mwaka 2021 gazeti la New York Times lilisimulia kwa njia nyingine. Waandishi wake hawakutazama shimo, walitazama hati za mauzo: jinsi kampuni ya Kimarekani Freeport-McMoRan ilivyoiuzia kampuni ya Kichina mgodi wa Tenke Fungurume mwaka 2016 kwa dola bilioni 2.65, kisha Kisanfu mwaka 2020 kwa dola milioni 550. Hapo kobalti ikawa habari ya mashindano ya mataifa mawili makubwa, na Kongo ikawa kama uwanja wa mpira, ambao hukanyagwa na pande zote mbili na hauulizwi nani afunge. Mwezi wa Januari 2023 kikatoka kitabu cha Siddharth Kara, kiitwacho Cobalt Red, kikasomwa sana. Mwaka huohuo watafiti kadhaa, Wakongo wakiwamo, waliandika kukipinga. Walisema kimewachora watu wetu kama viumbe wasio na akili wala sauti, na kimepita juu ya kazi za wenyeji waliochunguza mambo hayo miaka mingi. Kwa maoni yetu pande zote mbili zina haki kidogo: kitabu kiliwaamsha watu waliolala, na wapinzani wake waliuliza swali lililopasa kuulizwa, yaani kwa nini Mkongo aaminiwe akilia tu, asiaminiwe akieleza.

Uingereza jambo hilo limepata pindi la ajabu. Mwezi wa Februari 2024 kamati ya Baraza la Malodi ilitoa taarifa juu ya magari ya umeme, ikalalamika kwamba habari zisizo za kweli zimeenea na kuwachanganya wanunuzi. Katika mabishano hayo mtoto wa Katanga huitwa mara nyingi kuwa shahidi. Wako watu ambao hawakuwahi kumhurumia kabla ya gari la umeme kutokea, na sasa wamtaja ili waendelee kununua petroli. Hawasemi, au hawajui, kwamba kobalti hutumika pia katika viwanda vya kusafishia petroli na dizeli ili kuondoa salfa, wala kwamba simu iliyo mfukoni mwao ina betri ya namna ileile.

Ukiyafungua magazeti ya serikali ya China, utadhani umefika nchi nyingine kabisa. Katika kurasa za China Daily na taarifa za shirika la Xinhua, Katanga ni mahali pa ushirikiano: kiwanda kimefunguliwa, barabara imetiwa lami, vijana wamefundishwa kazi, viongozi wamepeana mikono. Mengi ya hayo ni kweli pia. Kiwanda kipo, na barabara ipo. Lakini mfanyakazi mwenye malalamiko juu ya mshahara hana nafasi pale, wala maji ya mto yaliyobadilika rangi. Basi, huyu amechagua mkono unaojenga, na yule amechagua mkono unaoumia, kila mmoja akidai kwamba ameuonyesha mwili mzima.

Mtu asidhani kwamba ni Kongo tu isimuliwayo namna hii. Kenya, karibu na Ziwa Turkana, ilijengewa mashamba ya upepo yenye mitambo 365 na nguvu ya megawati 310, yakafunguliwa rasmi mwezi wa Julai 2019. Habari za ng'ambo ziliyasifu kuwa makubwa kuliko yote ya Afrika. Magazeti ya Nairobi yaliandika sifa hizo, lakini yaliandika pia kwamba mitambo ilisimama tayari na waya za kuchukulia umeme hazijafika, mpaka Septemba 2018, na mlipa kodi wa Kenya akabeba fidia ya ucheleweshaji. Tena mwezi wa Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba ardhi ile haikutolewa kwa utaratibu wa sheria. Habari ya waya na habari ya hati za shamba hazina picha nzuri. Ziliandikwa kwa bidii na watu wa nchi yenyewe, kwa kuwa ndio waliolipa.

Je, magazeti ya nchi yetu yatufanyia kazi hiyo? Hapa yatubidi kusema bila kuficha. Magazeti ya Kinshasa huandikwa kwa Kifaransa, katika mji ulio mbali nasi zaidi ya kilomita 1,500, nayo hupenda sana mikataba, mawaziri na kamati. Tena iko desturi iitwayo coupage: mwenye kutaka habari yake iandikwe humpa mwandishi bahasha. Mwandishi mwenye mshahara mdogo, au asiye na mshahara kabisa, huipokea, na tangu hapo kalamu yake ina mwenyewe. Zamani hapa Katanga kulikuwa na gazeti Mwana Shaba, lililoanzishwa na Union Minière mwaka 1957 kwa ajili ya wafanyakazi wake. Watu walilipenda, lakini gazeti la kampuni lilikuwa na bwana wake, na kila msomaji alimjua. Afadhali bwana ajulikanaye kuliko bahasha isiyoonekana. Tangu mwaka 2002 tumepata pia Radio Okapi, ambayo hutangaza habari kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine, na humo mtu wa kawaida wa Likasi huweza kusikia habari za mitaa yake kwa lugha yake. Wanafunzi na wasikilize, wapate kulinganisha.

Pengine msomaji atasema: Waache waandike wapendavyo, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Habari ya gazeti haibaki gazetini. Mwezi wa Machi 2017 Washington Post ilitangaza kwamba kampuni ya Apple imesimamisha kununua kobalti ya wachimbaji wa mikono wa Kongo. Msomaji wa Marekani aliona kwamba haki imetendeka. Kwa baba aliyekuwa akilisha watoto sita kwa koleo na gunia, maana yake ilikuwa kwamba mnunuzi mmoja amepungua. Shimo lilibaki vilevile, na hatari yake ilibaki. Wachimbaji wa namna hiyo hukadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2019 serikali iliunda kampuni ya EGC ili kobalti yao inunuliwe kwa utaratibu, lakini miaka ilipita kabla kazi haijaanza kuonekana.

Kisha kuna jambo kubwa zaidi. Mwezi wa Mei 1978, vita vilipofika Kolwezi, magazeti ya Ulaya na Marekani yaliogopesha watu kwamba kobalti itakwisha. Bei ilipanda mara kadhaa, na wenye viwanda wakaanza kutafuta njia ya kuiacha; watengenezaji wa sumaku waliipata, wala wengi wao hawakurudi tena. Katika siku zetu mchezo umekuwa uleule. Mwaka 2018, bei ilipofika karibu dola 95,000 kwa tani, Elon Musk wa Tesla alitangaza kwamba betri zake zijazo hazitakuwa na kobalti hata kidogo. Wachina nao walikwisha endeleza betri ya chuma na fosfati, isiyohitaji kobalti wala nikeli; mwaka 2020 kampuni ya BYD ilitoa betri yake mpya ya namna hiyo, na katika robo ya kwanza ya mwaka 2022 karibu nusu ya magari yaliyotengenezwa na Tesla yalikuwa na betri za chuma. Sababu ya kwanza ya mageuzi hayo ni bei, lakini sifa mbaya ya kobalti iliyaharakisha. Ni neno la uchungu: mtoto wa Katanga aliandikwa ili asaidiwe, na msaada aliopata ni kuambiwa kwamba jiwe la baba yake halitakiwi.

Bei ilipoanguka mpaka chini kuliko miaka tisa iliyotangulia, serikali ya Kongo ilizuia kobalti yote isitoke nchini, kuanzia Februari 2025. Zuio lilidumu mpaka katikati ya Oktoba, ndipo ukawekwa ukomo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Jambo moja, lakini kwa wafanya biashara wa London lilikuwa habari ya bei, kwa wenye viwanda wa China habari ya upungufu, na Kinshasa likatangazwa kuwa ushindi wa nchi juu ya mali yake. Mwenye lori Likasi alitaka kujua jambo la nne, yaani kama wiki ijayo atapakia.

Yako mambo yasiyoandikwa na upande wowote, au yaliyoandikwa katika majarida ya wataalamu yasiyouzwa sokoni. Mwaka 2009 wachunguzi wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walieleza kwamba watu wa Katanga wakaao karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi mno mwilini. Mwaka 2018 wakachunguza mtaa wa Kasulo, Kolwezi, wakakuta kwamba watoto ndio waliopatwa zaidi, kwa sababu ya vumbi la mahali watu waishipo. Vumbi halipigwi picha. Hakuna mtoto analochimba, hakuna Mchina wala Mmarekani anayeshindana juu yake, na kwa hiyo halimo katika hadithi ya mtu yeyote, ingawa huingia katika kila chungu.

Na umeme wenyewe je? Nguvu isiyotoa moshi ilifika Likasi mapema kuliko miji mingi ya Ulaya ilivyoanza kuitamani. Mtambo wa Mwadingusha, juu ya mto Lufira, ulianza kazi mwaka 1930 ili kuendesha viwanda vya Union Minière. Mwaka 1982 ulikamilika mstari wa umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, wenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, uliopita juu ya vijiji vingi bila kuwasha taa moja. Hata leo Wakongo wenye umeme nyumbani ni kama mmoja kati ya watano. Mwaka 2021 kazi ya kuifanya upya mitambo ya Mwadingusha, iliyokuwa imechakaa, ilimalizika, na habari hiyo ilichapwa zaidi katika kurasa za fedha, kwa sababu umeme ule ulihusu mgodi mpya wa shaba wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi. Mama wa Kikula atakaye kujua kama taa itawaka jioni hii, ili mtoto amalize masomo yake, hana gazeti la kumwambia. Huenda ukutani akamwuliza jirani.